Kibao cha Kelestini

Ilala, Dar es Salaam
11 Machi 1956

Dada Kandida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio hapo Ifakara. Sisi huku tunapumua. Mke wangu Verediana anakusalimu. Kikohozi kilichomsumbua tangu Krismasi kimeanza kulegea. Joto la mji huu ni lile lile, nzi ndio wamezidi.

Kifo cha ndugu yetu Kelestini bado kinaniuma. Simu ya kunijulisha ilinifikia akiwa ameshazikwa, na hata ingefika mapema, mkuu wangu pale kwenye kiwanda cha uchapaji hana moyo wa kumpa mtu ruhusa ya kwenda kuzika. Nilimwambia hivyo usoni. Mpe Margareta pole zangu. Mwambie mumewe alikuwa fundi, na fundi hafi kama tunavyokufa sisi makarani.

Sasa nisikilize. Unajua kwamba tangu mwaka juzi nakusanya vibao vya biashara, vile vya zamani vilivyochongwa kwa mkono na kutundikwa mbele ya maduka. Chumba changu cha nyuma kimejaa. Nina kitana cha kinyozi wa Morogoro, kirefu kuliko mguu wangu. Nina mkasi wa mshona nguo wa Kilosa, na mbuzi wa bucha ambaye kichwa chake kililiwa na mchwa. Watu wananicheka. Waache wacheke, hawaoni kinachotokea mbele ya macho yao. Makampuni ya sigara na sabuni yanagawa bure vibao vya bati vinavyong'aa, vimetengenezwa Ulaya, na mwenye duka akishapewa kimoja anakishusha kile alichochongewa na jirani yake na kukitia jikoni. Juzi hapa Kariakoo nimemkuta mwanamke anapasua kwa shoka samaki wa mvule, samaki mwenye magamba yaliyochongwa moja moja! Nilimfokea. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Baba, kama una njaa, sema."

Ndivyo tulivyo. Kesho watoto wetu wataambiwa kwamba babu zao hawakujua hata kutangaza viatu, nao wataamini, kwa sababu ushahidi tumeuchoma tukapikia ugali. Yuko Mzungu mmoja anayezunguka na gari akivikusanya vitu hivi kupeleka kwao. Simlaumu. Yeye ameona, sisi tunaota moto. Niliyaandika haya gazetini, na mwalimu mmoja akanijibu kwamba naokota takataka. Nimemjibu. Hatashika kalamu kwa muda.

Basi, kile kibao cha Kelestini mwenyewe, ule mkono wa mninga ulioshika tezo ya kuchongea, uliokuwa ukining'inia mbele ya karakana yake: hicho nakitaka mimi. Waambie wazee hivyo hivyo, kwamba Antoni amekitaka. Asipewe mtu mwingine.

Ndugu yako,
Antoni


Ifakara
20 Mei 1956

Mdogo wangu Antoni,

Marahaba. Barua yako ilikaa Kilosa ikingoja njia ikauke. Mvua ya mwaka huu imekata barabara na lori la barua lililala matopeni. Sisi ni wazima. Mpunga wa Namawala umesimama vizuri. Tunashinda juu ya dungu kufukuza ndege mpaka sauti zimetukauka. Viboko wamelala katika shamba la jirani, letu wakalipita. Aurelia, binti mkubwa wa Kelestini, amefaulu kwa Masista na anataka kuendelea. Wadogo zake wameanza tena kucheka. Mtoto halii siku zote.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Kisha nikamwita Margareta, nikamsomea pale uliposema unakitaka kibao cha mumewe. Alikaa chini. Baadaye nikamsikia jikoni akiimba kidogo, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike Kelestini.

Nikaipeleka Mchombe kwa Mzee Eustaki, maana sasa ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Akaniambia niisome tena. Akauliza, "Ameandika mwenyewe au ameandikiwa?" Nikamwambia mwandiko ni wako, naujua. Akasema, "Basi amesema. Sikumtarajia."

Dionisi, mtoto wa Baba mdogo, alikuwa ameshajiweka tayari. Tangu tuzike amekuwa akipalilia shamba la Margareta, na kila Jumamosi analeta samaki kutoka Mofu. Alipoambiwa habari zako alisema wewe na marehemu ni wa tumbo moja, kwa hiyo anakupisha.

Tutamaliza msiba baada ya mavuno, mwezi wa saba. Unajua kwamba kwetu jambo hili halisemwi wazi kabla ya siku yake, kwa hiyo nami silitaji. Ila nakuuliza kama dada yako: umelifikiri? Utakuja mwenyewe? Moyo wako ukibadilika niandikie sasa, na hakuna atakayekulaumu. Baada ya siku ile litakuwa jambo lingine.

Dada yako,
Kandida


Ilala, Dar es Salaam
17 Juni 1956

Dada Kandida,

Shikamoo. Barua yako imeniburudisha. Verediana ameamka, jana alikwenda sokoni mwenyewe, na alirudi akigombana na mwenye nazi, ndipo nikajua amepona. Hongera kwa Aurelia. Mwambie asome vitabu na si katekisimu peke yake.

Unaniuliza kama nimelifikiri! Dada, miaka miwili sifikiri jambo lingine. Nimelisomea, nimeligombania, nimepoteza marafiki kwa ajili yake. Mwalimu yule amerudi gazetini na barua ndefu, anasema taifa linalotaka kwenda mbele halibebi mbao za zamani kichwani. Nimemwuliza: taifa lisilojua mikono iliyolilea litakwenda mbele na miguu ya nani? Tuone atajibu nini.

Kwa hiyo wasomee wazee na barua hii. Nimekitaka, nakitaka, na nitakitaka kesho kutwa. Sina neno la pili. Mshukuru Dionisi kwa kunipisha. Sikujua kama naye ana jicho la vitu hivi. Nilidhani anajua samaki tu.

Kuja siwezi. Mwezi wa nane tunafanya maonyesho ya vibao katika ukumbi mmoja hapa Ilala, na kazi yote imeniangukia mimi. Ukuta wa katikati nimemwekea Kelestini. Funga mkono ule kwa magunia, uupakie kwenye lori la mpunga linalokwenda Kilosa, kutoka hapo utapanda treni. Na kama una nafasi nitafutie vingine viwili ninavyovikumbuka hapo: kile kiatu kikubwa cha fundi viatu aliyekuwa karibu na soko, na yule kambale wa muuza samaki wa Mofu. Wahimize wenyewe kabla hawajavitia motoni.

Ndugu yako,
Antoni


Ifakara
5 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumevuna, Mungu ashukuriwe. Ghala la Margareta limejaa mpaka mlangoni. Dionisi alivuna pamoja nasi ingawa hakuwa na lazima tena.

Msiba wa Kelestini tumeumaliza Jumamosi iliyopita, baada ya misa. Nakueleza yote kwa kuwa hukuwapo, na ulipaswa kuwapo.

Watu walijaa uani. Mzee Eustaki alitandika mkeka, akaweka juu yake tezo ya Kelestini na ule mkono wa mninga, kama zamani walivyowekewa wengine jembe au upinde wao. Akauliza nani atasimama mahali pa marehemu. Binamu yetu Tadei, mwenye duka la chumvi, akakohoa na kusogea, maana siku nyingi amekitazama kiwanja kile cha karakana. Mzee akamwambia, "Kaa, Tadei. Kitu hiki kimeshaombwa." Dionisi naye alikuwa amesimama. Sidhani alitaka kudai. Naona miguu yake ilisimama yenyewe. Mzee akamgeukia mbele ya watu wote, "Nawe kaa, mwanangu. Wa tumbo moja amesema." Dionisi akakaa. Wanawe walikuwa wanamtazama.

Ndipo nikasoma barua zako, pale panapohusika. Nilipofika kwenye "sina neno la pili", wazee walipiga makofi.

Watani wakaanza kazi yao. Katarina, yule mwenye mdomo, aliingia katikati amejifunga shuka la kiume, akapaza sauti: "Mrithi yuko wapi nimwone? Yumo ndani ya bahasha! Leteni kijiti tumchokonoe atoke!" Watu wakacheka mpaka Margareta naye akacheka. Katarina akamwambia, "Shemeji, usiku ukisikia mwizi, itikise bahasha!" Mzee akampa kuku ili anyamaze, akamchukua, na hakunyamaza.

Kisha nikakabidhiwa mkono ule nikushikie. Umesimama mahali pa Kelestini sasa. Watoto wamefundishwa wakuite Baba, si Baba mdogo. Kuhusu Margareta, Padri amesema na sisi tumekubali: una mke wako wa ndoa, hutamwoa. Utamsimamia yeye, watoto na kiwanja, basi.

Yanayokungoja ni haya. Paa la nyumba limeoza upande wa mvua. Masista wanataka neno la baba ili Aurelia aendelee. Na Tadei ameanza kupanda migomba ndani ya mpaka wa karakana. Lazima mwanamume wa nyumba ile aende barazani. Mimi nikisema barazani, wanaume wanatazama vidole vya miguu yao.

Njoo kabla ya kupanda mpunga. Kibao hiki siwezi kukipakia kwenye lori. Mrithi hukichukua kwa mkono wake mwenyewe, mlangoni pa nyumba, watoto wakiona. Kiatu na kambale nimekupatia, vinakuja na mpunga juma lijalo.

Dada yako,
Kandida


Ilala, Dar es Salaam
30 Septemba 1956

Dada Kandida,

Shikamoo. Kikohozi cha Verediana kimerudi, na tangu nisome barua yako hata mimi silali.

Mmenifanya nini? Nimeomba kipande cha mti, mkanipa nyumba! Nilikueleza kwa urefu, habari za kitana, mkasi na samaki, habari za bati na za Mzungu na gari lake. Ni wapi nilipoandika kwamba namtaka mjane? Wapi nimetaja paa, migomba, Masista? Nawe unaniambia bila haya kwamba barua zangu zimesomwa "pale panapohusika". Huo ndio ugonjwa wetu! Tunachukua katika neno la mtu kile tunachokitaka, mengine tunatupa, halafu tunapiga makofi.

Mimi ni mpangaji wa vyumba viwili, na kimoja kimejaa mbao. Mke wangu ni mgonjwa. Siwezi kusimama mahali pa mtu. Na hata ningeweza, nakataa kwa kanuni. Desturi ya kumvika mtu hai maisha ya maiti ni ya zama zilizopita, na nitaiandika hivyo gazetini. Tunasema tunataka kujitawala, na huku mtu mzima hawezi kuomba kitu cha ndugu yake bila kufungwa kamba ya shingo. Mpeni Dionisi. Alikuwa tayari, yuko karibu, anajua kulima. Nani alimwambia akae? Si mimi.

Maonyesho yalifanyika. Ukuta wa katikati ulibaki mtupu, na chini yake karatasi niliyokuwa nimekwisha kuibandika: "Kazi ya Kelestini, Ifakara." Mwalimu yule alikuja. Alisimama hapo muda mrefu, mikono mgongoni, kisha akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

Kiatu kimefika salama. Ni kazi ya ajabu, hata nyuzi za ushoni zimechongwa moja moja. Watu walikizunguka kama sanamu kanisani. Kambale amevunjika pezi.

Ndugu yako,
Antoni


Ifakara
9 Desemba 1956

Antoni,

Marahaba. Mpe Verediana pole. Huku mvua za kwanza zimenyesha na watu wamekwenda mashambani. Mimi ni mzima, miguu tu.

Unasema uliomba mti. Msibani kwa Baba ulikuwapo. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kuwabebea wageni maji. Uliona tezo imewekwa mkekani, na ukamwona Kelestini akiinama kuichukua, naye alikuwa kijana asiye na ndevu, tayari ameshaagana na wenzake waende kutafuta kazi bandarini. Wenzake walikwenda. Yeye alibaki, akachonga kibao chake cha kwanza. Kilikuwa kile kiatu cha fundi viatu. Alikichonga ili wewe upate nguo za kwendea shule ya misheni kule Mahenge. Kambale alimchonga mwaka uliofuata, ulipotaka madaftari. Nyuzi hizo unazozisifu ndizo zilizokufundisha kusoma. Umeitundika ukutani karo yako, ukaita watu waje kuitazama, na aliyeitoa hukuja kumzika.

Sikutaka kuandika hayo. Sasa nimeandika.

Kuhusu Dionisi, nilikwenda Mofu mwenyewe. Nilimkuta anatengeneza wavu. Nikamwambia umeandika kwamba yeye ndiye asimame. Hakuinua macho.

"Dada, niliambiwa kaa, wanangu wakiona."

"Mzee atakuita tena."

"Aniite kwa lipi? Mwenzangu ameonja, ametema, mimi niokote?"

"Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Margareta."

"Margareta hajanikosea. Samaki nitaleta. Lakini kusimama, sisimami mpaka mwenye barua iliyonikalisha aje aniinue."

Na Mzee Eustaki anasema hivyo hivyo: kitu kilichoombwa mbele ya ukoo hakirudi mkekani mpaka aliyekiomba akirudishe mwenyewe, mbele ya wale wale. Basi sikuombi uhamie Ifakara. Sikuombi hata paa. Njoo siku moja. Simama uani, sema ulikosea, chukua mkono ule umpe Dionisi, kisha urudi kwenye vibao vyako. Siku moja, Antoni, na nyumba ya kaka yako itakuwa na mtu.

Lakini uwahi. Tadei sasa amezungusha ua upande wa karakana na kusema hana wa kumwuliza, kwa kuwa mwenye nyumba yumo ndani ya bahasha. Lile neno la Katarina lilikuwa utani. Tadei amelifanya hoja. Na kaka zake Margareta wametuma ujumbe kutoka Mahenge. Wanasema dada yao hawezi kukaa katika nyumba isiyo na msimamizi. Pasaka ikipita na kusiwe na mtu, watakuja kumchukua pamoja na watoto.

Kandida


Ilala, Dar es Salaam
24 Februari 1957

Dada Kandida,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Verediana amepona kabisa safari hii, na anatuma kitenge kwa Aurelia. Kazi imekuwa nyingi.

Barua yako ilikuwa kali. Nimeikubali kwa kuwa wewe ni dada yangu. Habari za kiatu sikuzijua. Nilikuwa mtoto, kisha nikawa mbali shuleni, na Kelestini hakunieleza. Mtu hawezi kulaumiwa kwa deni ambalo hakuonyeshwa.

Nimelitazama pande zote lile jambo la kuja kusimama mbele ya watu na kusema nimekosea, na kwa haki kabisa sioni kosa langu. Nikisema nimekosea nisipokosea, nitakuwa nimesema uongo ili kuwafurahisha wazee. Tena umechapishwa mwezi uliopita mfululizo wangu juu ya desturi zinazotufunga, watu wengi wameusoma, na wenzangu wananiambia haitakuwa busara nionekane nikifanya huko Ifakara kile ninachokipinga hapa. Yule mwalimu angefurahi mno.

Hata hivyo sisemi sitakuja. Pasaka nitajaribu, kama ruhusa itapatikana na kama njia itaruhusu. Mwambie Dionisi asiwe mtu wa kinyongo. Jambo lenyewe ni jema, mtu mwema halifanyi kwa kungoja kubembelezwa.

Mwezi ujao watakuja wageni wakubwa kuuona mkusanyo wangu, na kuna mazungumzo ya kuuweka mahali pa kudumu ambapo watoto wa shule wataweza kuutazama. Ni heshima kwa ukoo mzima. Nataka kujua jambo moja tu: ule mkono umewekwa mahali pakavu? Mninga hauogopi mchwa, lakini rangi ya kucha inabanduka ikishikwa na unyevu.

Ndugu yako,
Antoni


Ifakara
19 Mei 1957

Antoni,

Salamu yako nimeipata. Mpunga umechanua, mwaka huu ndege ni wachache. Mimi sijambo.

Siku za Pasaka Aurelia alikuwa akienda kusimama pale malori yanaposhushia watu. Sikumkataza. Alivaa kile kitenge ili umtambue. Jumatatu ya Pasaka alirudi, akakivua, akakikunja, na tangu hapo hajakigusa.

Kaka zake Margareta walikuja wiki ile ile. Walikuwa na heshima, walikaa, walikula, wakauliza kama yuko mtu wa kuzungumza nao. Mzee Eustaki aliangalia chini. Dionisi alikuja kutoka Mofu na samaki wake, akasimama nje ya ua, hakuingia. Nilimwona. Nikamwambia, "Ingia basi, hata kwa mguu mmoja." Akasema, "Dada, sijui niingie kama nani." Tulikwenda nao mpaka kivukoni. Mto ulikuwa umejaa, kivuko kilichelewa, kwa hiyo tulikaa na mizigo muda mrefu. Wadogo walidhani ni safari ya kutembea, walifurahia maji. Kabla ya kupanda, Margareta aliniambia, "Mwambie shemeji mimi sikumwomba anitake." Ndilo neno aliloacha.

Aurelia nimebaki naye. Masista walimwekea nafasi mpaka mwezi wa nne. Neno la baba halikufika, wamempa mtoto mwingine. Sasa anatwanga mpunga kwangu. Ana mikono ya Kelestini, vidole virefu. Nyumba anaishi Tadei. Karakana ameibomoa.

Mkono wa mninga unakuja na barua hii, kwa lori linalokwenda Kilosa. Nimeufunga kwa magunia kama ulivyoagiza, na rangi ya kucha ni nzima. Nilikukatalia wakati ulipokuwa na nyumba nyuma yake na watoto mlangoni. Sasa ni kipande cha mti, waonyeshe wageni wako. Ukiandika karatasi ya kubandika chini, usiandike Ifakara.

Liko jambo lingine, na ni haki yako kuambiwa. Jumapili wazee walikaa kwa ajili yako. Mtu aliyekiomba kitu cha marehemu kisha akaikataa nyumba yake, kwetu huhesabiwa kwamba amekwenda pamoja na marehemu. Hawakukulaani, usije ukaandika gazetini kwamba tumekulaani. Walikulilia. Mimi nililia kweli, nilikubeba mgongoni Mama alipokuwa mgonjwa, nami ndiye niliyekufundisha kutembea. Hata Katarina hakutania. Alikaa na wanawake wengine, akajifunika kichwa.

Kisha Mzee Eustaki akatandika mkeka, akaniambia nilete kitu chako cha kazi kiwekwe hapo, ili kama yuko mtu anayetaka kusimama mahali pako, akichukue. Nikaingia ndani. Nikatafuta darini, nikatafuta uvunguni, nikafungua sanduku la Mama. Jembe hukuwahi kuwa nalo. Wavu hukuwahi kuushona. Nikaleta barua zako, Mzee akazipima mkononi, akasema, "Haya ni maneno ya mtu. Kazi yake iko wapi?" Nikazichukua tena.

Mkeka ukakaa hivyo. Watu walingoja kidogo kwa heshima, halafu Mzee akaukunja, na kila mmoja akarudi shambani kwake kufukuza ndege.

Kandida